Shoka Liko Nyuma ya Mlango

Mideva,

Chai iko kwa chupa. Anika blanketi zilizoloa, lakini uzitoe kabla ya saa nane, upepo wa jana unaweza kurudi. Ukiona wingu jeusi upande wa Turbo, wapeleke nyanya yako Kukhu na mdogo wako Mulongo kwa Mama Salma. Nyumba yake ni ya mawe. Mkae chini, mbali na dirisha. Mkichelewa, ingieni chini ya hii meza. Waya ya stima ikianguka, msiiguse.

Na mlango usifunguliwe. Jana Kukhu aliufungua ili achomeke shoka uwanjani, eti upepo ukatike, kama walivyofanya kwao zamani. Upepo ukaingia ndani ukang'oa mabati matatu. Nimechoka, Mideva. Leo asubuhi nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama mkwe. Uliyasikia.

Ulipoenda kuteka maji, Kukhu akainama kuwasha jiko, leso ikateleza, nikaona mgongo umevilia damu. Mbao ya paa ilimwangukia. Nikamuuliza: Mulongo alikuwa wapi wakati huo?

“Chini yangu,” akasema.

Nikachukua mkoba nikatoka, kisha nikarudi mezani kukuandikia.

~~Shoka nimelificha, asilitafute.~~ Shoka liko nyuma ya mlango. Akilitaka, alichomeke mapema, kabla upepo haujafika. Umsaidie.

Mpake dawa ya kuchua, polepole. Usimwambie pole kwa niaba yangu. Hiyo nitaileta mwenyewe jioni.

Mama