Mkono wa Weldon

Kapsoit, 14 Agosti 1996

Dada yangu Edinah,

Huku mvua ya mawe imeharibu majani chai, lakini ng'ombe amezaa salama. Barua yako nimeipata, pamoja na picha ya Weldon akikujengea jikoni. Hiyo ni picha ya tatu mwaka huu. Nimeelewa, dada, umezaa mtoto mzuri. Lakini usijisifu sana. Siku ulizokuwa ukienda sokoni, nilinyonyesha Kimeli wangu titi moja na Weldon wako lile lingine. Hata maziwa yangu yako ndani ya huyo kijana.

Juzi alipopita hapa nilimpa kiti. Kibuyu cha maziwa ya mursik kilikuwa kimening'inia ukutani juu yangu, naye akainua mkono akishushe. Nikajikunja, nikafunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Alinimiminia maziwa kwanza, akajimiminia yake, halafu machozi yakamtoka. Najua atakuambia, ndiyo maana naandika. Ule mkono wangu uliovunjika Aprili, sikuteleza shambani. Ni Kimeli. Na jino langu lililong'oka pia ni yeye.

Kuna siku natamani kama tungekuwa tumebadilishana watoto bila kujua. Lakini Kimeli akikasirika, namwona ana uso wangu kabisa.

Usitume wazee wa kumkanya, na picha usitume tena. Nitumie Weldon.

Ni mimi dada yako,
Tapsabei