Hatua Arobaini Kutoka Kwenye Jiwe

Morotonga, Jumanne, 12 Agosti 1975

Upepo tangu asubuhi, na vumbi limeingia hadi kwenye unga. Nimefundisha vipindi vyangu vyote bila kukosea. Watoto hawakugundua kitu.

Leo Shangazi Robhi amenipa kiti.

Mtu mwingine angeona ni heshima. Shangazi hajawahi kunipa kiti tangu nizaliwe. Nikiingia kwake huniambia nipasue kuni, nimenye viazi, niondoe hii miguu yangu mirefu mlangoni. Leo nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba, mwalimu," akafuta kiti kwa kanga yake, akaniuliza habari za shule. Nilikaa kama mgeni. Hata maji aliyonipa sikuyamaliza.

Naandika yote hapa kwa sababu nimechoka kujitetea kichwani.

Nilipotoka chuo mwaka jana nilirudi nyumbani na mazoea ya kukusanya mimea: kuikausha katikati ya magazeti, kuibandika kwenye karatasi ngumu, kuipanga kwa familia. Shangazi ni mkunga na hana mtoto. Masika yaliyopita alikubali tutembee pamoja porini. Kila nilichochuma nilikitafutia familia kwa ua lake na mpangilio wa majani yake. Yeye alikuwa na mpango wake: mimea ya mzazi, ya ng'ombe, ya njaa, na ya kuacha. Uyoga niliutia kwenye boksi la peke yake, kwa kuwa hauna ua wala mbegu. Yeye aliuweka pamoja na nyama, na hakuna nilichosema kilichomtoa hapo. Tulibishana siku nzima. Sikujua kwamba ile ilikuwa furaha.

Mwishowe alinipeleka kwenye hame letu, pale tulipoishi kabla ya kuhamia kijijini. Karibu na jiwe kubwa kulikuwa na kichaka ambacho mizizi yake huzuia damu ya mama aliyejifungua. Hajui kingine cha aina hiyo, matawi aliyokuja nayo kuyapanda kijijini yalikauka yote. Alichimba upande wa mawio, akakata mzizi mmoja wa unene wa kidole, akafukia na kukanyaga udongo. Safari nyingine ni upande mwingine, alisema, na si kabla ya mvua kupita. Mimi nilikuwa natazama majani. Yalikaa mawili mawili yakitazamana, na katikati ya vikonyo kijipande cha jani kama ulimi. Nikapiga kelele kwamba huyu ni ndugu wa kahawa.

"Kahawa?" Shangazi alicheka hadi akakaa chini. "Basi mzazi tutampa na kikombe."

Kisha akaacha kucheka. Mama yake ndiye aliyemwonyesha yeye, alisema. "Baada yangu ni wewe."

Sabasaba shule ilitakiwa kuonyesha kazi zake. Nilitundika karatasi zangu kwenye ukuta wa nje, kila familia safu yake. Chini ya kila mmea niliandika familia, jina, matumizi na mahali. Chuoni tulifundishwa kwamba mmea usioandikiwa mahali ulikotoka ni takataka. Kwa hiyo niliandika mahali. Niliandika vizuri mno.

Wanawake wa darasa langu la kisomo walisimama pale, kidole chini ya kila neno, wakisoma kwa sauti. Mwaka jana hawakujua hata a. Nilijivunia hadi machozi yakanilenga.

Kila mmoja alikwenda kwenye kile kichaka akachukua mzizi kidogo tu. Siwezi kuwalaumu. Hapa kila mwanamke anamjua mwenzake aliyeishiwa damu njiani kabla ya kufika hospitali.

Alhamisi iliyopita Shangazi alikwenda kuchimba kwa ajili ya Nyangi, jirani yetu, ambaye siku zake zimekaribia. Alirudi moja kwa moja shuleni na kikapu kitupu, akasimama mbele ya ukuta. Yeye hajui kusoma, kisomo alikikataa. Akaniomba nimsomee. Nilisoma kwa sauti ileile ya darasani, sijui kwa nini, mpaka mstari wa mwisho: hatua arobaini mashariki ya jiwe kubwa.

"Hata hatua ulihesabu?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, Shangazi."

"Hao waliokufundisha, wanazalisha?"

Akajifunga kanga upya, akasema, "Asante, mwalimu," akaondoka.

Tangu siku hiyo mimi ni mwalimu.

Jumapili nilikwenda kujionea. Pale kichaka kilipokuwa pana shimo ambalo mtoto angeweza kujificha. Nilipapasa udongo kwa mikono, nikapata vipande vilivyokauka, vyembamba kuliko penseli. Nilivifukia. Nilijua havitaota na bado nikakanyaga udongo, kama alivyofanya yeye.

Nina hasira, na si kwa ajili ya kichaka peke yake. Najua Shangazi ana mingine, katika ile mimea yake ya mzazi, ambayo hajanionyesha. Sasa hatanionyesha. Mchana nilipokuwa nimekaa kwenye kile kiti niliona ameamua, kwa upole kabisa, na hana mtu mwingine wa kumwachia.

Jioni hii nimechukua mkasi nikakata mstari wa mahali kwenye karatasi zote, moja baada ya nyingine, hata za uyoga. Chuo, nilikotaka kuzipeleka, hakitazipokea hivi. Ya kichaka kile sikuikata. Pale hapana tena cha kuficha.

Shangazi amemtuma Nyangi akakae Mugumu, karibu na hospitali, hadi ajifungue. Jumamosi nitakwenda kumpelekea unga na kukaa naye. Akijifungua salama, nitarudi kumwambia Shangazi mimi mwenyewe.

Na ikiwa vinginevyo, pia ni mimi nitakayemwambia.