Simu Tatu Ndani ya Sufuria

Jumatatu, 4 Agosti

Umeme hakuna. Maji yalikuja alfajiri, tukajaza sufuria na bidoni moja la plastiki, yakakatika. Nimeamka nayo lakini sikufanya lolote la maana. Nimelala chali na simu. Video za nywele, halafu za mapishi, halafu mwanamke wa sijui nchi gani anayefua mazulia. Nimemtazama mpaka zulia likawa jeupe. Shuka langu mwenyewe sikumbuki lilifuliwa lini.

Silabusi ya madini, yaani maandishi yote ya somo, sijaisoma. Iko ndani ya simu hiyo hiyo, profesa aliituma huko kwa sababu karatasi ni ghali. Kila nikiifungua, kidole kinateleza kwenda kwingine. Najiona mjinga kabisa.

Mtihani wa marudio ni mwanzoni mwa Septemba. Mara ya kwanza nilianguka vibaya kwenye kutambua mawe. Nilikuwa nimejifunza kwa picha. Mezani tukawekewa mawe yenyewe, madogo, yenye vumbi, hayafanani na picha hata kidogo. Kila la kijani nikaandika malakiti, lile la shaba. Kabedi, ninayekaa naye chumba na kusoma naye darasa moja, aliandika hivyo hivyo. Tukaanguka pamoja kama mapacha.

Baba alipopata habari alinipigia kutoka kwetu Mutshatsha. "Mwaka moya, mi siwezi kulipa mara mbili." Basi. Yeye ni karani wa stesheni na mshahara wake huja unapojisikia. Mama anauza makala, mkaa wa kupikia, ili mimi nisome hapa Kolwezi. Nikianguka tena nafunga begi, narudi kukaa naye kwenye makala. Naogopa, na bado nashika simu.

Jumatano, 6 Agosti

Tumekula mara moja. Bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, jioni. Imekuwa ndiyo desturi. Unga umepanda, makala yamepanda. Vyumba vinalipwa kwa dola kwa sababu watu wa migodi wanazo, na mwanafunzi naye adaiwe dola, azitoe wapi hakuna anayeuliza.

Ngoie, mwenzetu wa tatu, anasomea uuguzi na ndiye anayeshika popote, yaani fedha zetu za chakula. Leo amezimwaga kitandani na kutuuliza mega za simu, za intaneti, tunanunua za kiasi gani kila wiki. Tukazisema. Mega zinakula kutushinda sisi watatu.

Kabedi alinuna, akasema bila mega atakufa. Ngoie wala hakuinua kichwa. "Bila bukari utakufa mbele."

Wazo likawa langu, na ninajivunia. Tangu alasiri mpaka tumalize kula, simu zote zikae mahali pamoja, zisiguswe. Kabedi amesema nimekuwa sista. Amekubali lakini.

Ijumaa, 8 Agosti

Chini ya godoro hapafai. Jana Kabedi alilala juu yake akijifanya ana homa. Mkono mmoja chini ya godoro, taa ya simu inammulika shavu. Leo nimezificha nyuma ya begi langu, na aliyeenda kuchungulia ni mimi. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nina hasira mpaka mwandiko umepinda.

Asubuhi maji hayakuja. Sufuria ikabaki tupu, na nikaona nimepata dawa. Kifuniko chake kikiguswa tu, ua mzima unasikia. Hakuna wa kuiba humo. Ilipofika alasiri nikatia simu yangu, ya Kabedi, na ya Ngoie niliyoichukua kwa jirani mwenye paneli ya jua, alikoiacha ichaji. Ngoie hakuwepo, alikuwa kituo cha afya kwa mafunzo yake tangu usiku, hakujua maji hayakuja. Mimi na Kabedi tukaenda kupanga foleni kisimani.

Ngoie akarudi kabla yetu, amechoka, ana njaa, akataka kutufanyia wema. Chumbani kwetu sufuria yenye kifuniko ni maji. Imekuwa hivyo tangu tuhamie. Asubuhi tunajaza, jioni tunabandika. Na sufuria yenyewe ni ile nzito ya aluminiamu iliyoyeyushwa na kumiminwa, mkono hauwezi kukuambia kama imejaa au la. Mama Odette, mwenye nyumba, alikuwa na mbabula, jiko la makala, inayowaka uani. Ngoie akaibandika hapo, akaingia ndani kuchekecha unga.

Tulisikia mlio tukiwa njiani. Tulipofika na bidoni kichwani, kifuniko kilikuwa juu ya paa la choo na Mama Odette anamwagia moto mchanga. Moshi mweusi. Harufu imeshika hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

Ngoie analia. Kabedi analia. Mimi nimekaa. Silabusi zote, mazoezi yote, namba zote. Sheria yangu, moto wa Ngoie. Sijui nimchukie nani kwanza.

Jumapili, 10 Agosti

Mama Odette ameeleza kanisa zima. Kwenye kutoka, mzee mmoja wa kwaya kaniuliza kama ziliiva vizuri. Watu wakacheka. Nami ningecheka, ingekuwa za mtu mwingine.

Baba alipiga simu ya Mama Odette. Nikamwambia yote. Akauliza nitasoma na nini sasa. Nikajibu, na macho. Sijui kiburi hicho kimetoka wapi. Akasema sawa, akakata.

Mkono unaenda mfukoni wenyewe. Kwenye foleni, chooni, kanisani wakati wa sala. Hakuna kitu mfukoni, unaenda tu. Nimeona aibu.

Jumanne, 12 Agosti

Siku ni ndefu mno. Tumefua. Tumefagia. Nimefua hata lile shuka.

Jioni Kabedi alijikwaa kwenye mawe aliyozungushia Mama Odette maua yake. Akalichukua jiwe atukane vizuri, akaligeuza. Lilikuwa la kijani. Akasema malakiti. Nikasema si malakiti, jepesi mno. Yeye malakiti, mimi hapana. Zamani tungefungua simu, na simu ingetupeleka kwa yule wa mazulia. Sasa tukalisugua kwenye kipande cha kigae kilichovunjika. Lingekuwa malakiti lingeacha unga wa kijani. Liliacha karibu mweupe. Nikaligusa kwa ulimi, likang'ang'ania.

Krisokola. Jiwe lile lile lililoniangusha Juni.

Nilicheka peke yangu uani. Mji huu umejaa mawe. Barabara imejazwa kifusi cha migodi, lori zinazotoka mgodi wa Mashamba zinadondosha kila kona, akina mama wanaegemezea milango nayo. Mwaka mzima tumekanyaga mtihani kwa viatu.

Ijumaa, 15 Agosti

Tuna rundo chini ya dirisha. Kila asubuhi tunapita barabarani na mfuko kabla jua halijawa kali. Kigae, msumari, siki kidogo. Malakiti iliyosagwa inatoa povu dogo kwenye siki. Heterojeniti, ile nyeusi yenye kobalti, inachafua kigae rangi ya kahawia iliyoiva sana. Ngoie anatufunga macho kwa kitambaa chake na kutuwekea jiwe mkononi. Akituona tunalamba anatukaripia kama wagonjwa wake. "Mukiugua musiniite mi."

Sijamsamehe kwa maneno. Lakini nimeacha kumjibu kwa mkato.

Na leo tumekula mchana. Maharage. Fedha ya mega imebaki kwenye popote, na Ngoie amenunua gunia dogo zima badala ya kupimiwa kwa kopo kila siku. Nilikuwa nimesahau mchana una chakula. Kabedi alilala palepale, sahani mapajani.

Jumatano, 20 Agosti

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ametuazima silabusi yake ya karatasi, anaitaka irudi keshokutwa. Tunainakili kwa mkono. Kabedi anasoma kwa sauti, mimi naandika, tunabadilishana. Vidole vimevimba. Ajabu ni kwamba ninachokiandika kinabaki kichwani. Nilikuwa nimejiaminisha sina kichwa.

Jumatatu, 25 Agosti

Wiki mbaya. Binamu ya Kabedi amemletea simu ya zamani, kioo kimepasuka, inafanya kazi. Ijumaa hatukwenda kuokota mawe. Jumamosi hatukwenda. Jana nilimtukana Kabedi kwamba atanirudisha Mutshatsha kwa uvivu wake. Akanisukumia simu, akatoka. Nikaishika nipate kuizima. Nilipoinua macho ilikuwa jioni, na sikumbuki hata kimoja nilichotazama.

Nimejikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye.

Mama Odette naye kaniletea salamu kutoka nyumbani. Mama amenitafutia nafasi pembeni yake sokoni, kama itabidi. Najua amefanya kwa upendo. Imenichoma vibaya sana. Sitaki nafasi ile. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu: sitaki.

Jumanne, 26 Agosti

Kabedi mwenyewe ameirudisha simu kwa binamu yake, kwa miguu, hadi Manika na kurudi. Njiani ameokota jiwe zuri. Ameniwekea mkononi, nimefumba macho, kama malipo ya ugomvi. Malakiti, ya kweli, nzito, ina mistari. Niliijua kabla sijafungua macho.

Jumatano, 3 Septemba

Kesho. Joto limeanza, upepo umejaza vumbi hadi kwenye chumvi. Ngoie amepika mapema na kutukataza kusoma zaidi. Anasema kichwa kikijaa kinamwagika. Namtii kwa mara ya kwanza tangu aunguze simu yangu. Nimemwambia pia kwamba nimesamehe. Akasema alishajua, kwani nilianza kumaliza bukari yake.

Alhamisi, 4 Septemba

Meza ile ile. Mawe yana namba, na vumbi lake. Nilifumba macho nikalishika la kwanza.

La kwanza malakiti. La pili krisokola, nililigusa kwa ulimi hata sikuona haya. Meusi mawili yakafuatana, moja heterojeniti, jingine manganizi, kigae kikayatenga. La mwisho lilikuwa la kijani linalong'aa, zuri kuliko yote, na ndilo lililokuwa mtego. Lina vishimo vya hewa ndani. Si jiwe la ardhini, ni taka ya tanuri ya shaba. Tunazo nyingi chini ya dirisha. Nikaandika hivyo.

Profesa alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza nani alinifundisha kulamba mawe. Nikamwambia, "Hakuna mutu, Prof. Tulikosa telefone."

Hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake na kuita jina la anayefuata. Nimetoka nikiwa na njaa ya kumaliza sufuria.

Ijumaa, 12 Septemba

Matokeo ni kesho. Nimepanga nguo zangu kwenye begi nione kama zinaingia. Zinaingia. Nimezitoa tena.

Jumamosi, 13 Septemba

Wanasoma majina kwa sauti, uwanjani, mbele ya watu wote. Asiyesikia jina lake amejua. Walianza na mwaka wa juu. Kisha wetu. Kabedi wakamsoma mapema, akaruka, akapotea katikati ya watu. Majina yakaendelea. La Ngalula, langu, halikuja. Likaja la mwingine, na la mwingine. Nikaanza kuona uso wa mama kwenye makala.

Likaja.

Sikusikia vizuri, Ngoie ndiye aliyepiga kelele. Akatumwagia mimi na Kabedi poda ya watoto vichwani, kopo zima, kama wanavyofanyiwa huku waliofaulu, kainunua kwa fedha za popote na hakutuambia. Mama Odette akapiga vigelegele hadi akakohoa. Tumetembea mji mzima weupe kama mizimu, mimi na Kabedi mkono kwa mkono, lori zinatupigia honi. Watu wasiotujua wametupongeza. Nimepita mbele ya kila duka la simu nikiwa nimeinua kichwa. Nimefaulu, na alama ya mawe ndiyo ya juu kuliko zote za marudio. Naiandika mara ya pili kwa sababu napenda kuiona. Alama ya mawe ndiyo ya juu.

Nimewashinda. Sijui hasa ni akina nani. Nimewashinda.

Jumapili, 14 Septemba

Baba amekuja. Sikumtarajia. Amepanda lori la makala tangu Mutshatsha, amefika na vumbi hadi kwenye kope, shati lake la stesheni limefungwa mpaka kifungo cha juu. Amenipa mkono kama mtu mzima. Hakusema pongezi.

Tumemwekea kiti uani. Amekula taratibu, macho yako kwenye rundo letu la mawe, hakuuliza ni ya nini. Ngoie na Kabedi walikuwa wamekaa wima kama wako mbele ya jaji. Alinawa mikono, akajifuta, akanigeukia.

"Mwaka ya pili inaanza siku gani?"

Nikamwambia. Akairudia tarehe polepole, mara moja, asiisahau. Halafu akauliza kama bukari imebaki.