Koki ya Damu Bandia

Jumatatu, 4 Machi

Mafaili ya kliniki asubuhi, kama kawaida. Mvua tangu alfajiri. Mapokezi tope tupu.

Mkufunzi wa mazoezi ya dharura, Kaka Deo, amefika na begi lake kubwa. Wauguzi wataigiza: mama amejifungua, damu haikatiki. Akatafutwa wa kuwa mama. Wanawake wote walikuwa na kazi. Mimi, karani, nilikuwa nimekaa na kalamu. Nikachaguliwa.

Nimevalishwa tumbo la mpira. Ndani kuna mwanasesere na mfuko wa maji mekundu. Koki iko chini ya mkono wangu, shuka inaifunika. Wauguzi wakichelewa, niifungue zaidi. Wakifanya inavyotakiwa, niifunge. Ndiyo kazi yote.

Nesi Happy alicheka hadi akakaa chini. "Mama kijacho, hizo ndevu nazo ni dalili ya mimba?"

Mimi naogopa damu hata ya kuku. Hii ni rangi tu, najua. Jasho lilinitoka vilevile.

Jumanne, 5 Machi

Zoezi la kwanza. Mama Sabina, mkunga wetu mkongwe, pamoja na Happy, aliyetoka chuo mwaka jana.

Nilifungua koki. Happy ndiye aliyeona kwanza. Nilimwona akiona. Akamtazama Mama Sabina, akisubiri mkubwa aanze. Mama Sabina alikuwa ametupa mgongo, anamfuta mwanasesere. Maji yakafika kwenye soksi zangu.

"Mama, samahani," Happy akasema, kama anayeomba chumvi kwa jirani. "Ukipata nafasi, naomba uangalie na huku."

Mama Sabina akageuka. Sindano ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Mama huyu ndiye aliyempokea mdogo wangu wa mwisho. Sikuweza kumtazama.

Nikafunga koki. Taratibu, chini ya shuka.

"Imekata!" Happy akapiga kelele. Makofi. Kaka Deo akawasifu.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba wamefaulu vizuri sana. Yasinta atajifungua wiki ijayo, Mungu akipenda. Wodi hiyohiyo. Wauguzi haohao.

Alhamisi, 7 Machi

Sijala vizuri tangu juzi. Nimemwambia Yasinta twende hospitali kubwa.

"Huko nikapangwe foleni kama gunia la mpunga mashineni? Mama Sabina amenipima tangu mwanzo. Na wewe si ulisema wamefaulu?"

Nilisema.

Mama mkwe amefika kutoka Mchombe na mchele na kuku. Mbele yake mambo ya uzazi siwezi kuyataja. Nimezunguka uani hadi kuku naye akaanza kuniogopa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia Kaka Deo ukweli. Koki niliifunga kabla hawajafanya lolote.

"Ulimwonea huruma mkunga," akasema. "Na mgonjwa je?"

Akataka niwaambie mwenyewe, kwenye kikao cha asubuhi. Nimewaambia. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Happy akatazama viatu vyake. Mama Sabina akasimama.

"Kwa hiyo mimi nimeokolewa na karani."

Akatoka. Mchana nilimwamkia koridoni. Shikamoo yangu haikujibiwa. Jambo hilo sijawahi kutendewa. Naona aibu, na bado naogopa. Vyote viwili kwa pamoja.

Jumanne, 12 Machi

Zoezi limerudiwa. Sharti la Kaka Deo: aliyeona kwanza ndiye anayeamuru, hata awe nani. Anayeamriwa ajibu kwa sauti.

Mara ya kwanza Happy alisema "tafadhali mama". Sikugusa koki. Maji yakamwagika sakafuni. Mara ya pili, tafadhali tena. Godoro limelowa, mgongo wangu umelowa. Kaka Deo akasema huyu mama amekufa. Mimi nilikuwa nimelala pale, nimekufa, nikimwona Yasinta.

Ndipo Mama Sabina alipolipuka.

"Happy! Unaniamkia au unaokoa mtu? Niamuru!"

"Mama, siwezi."

"Niite jina langu."

Happy akafumba macho. "Sabina! Dripu!"

Hata Kaka Deo alishtuka.

"Dripu inakwenda!" Mama Sabina akajibu, na kweli alikuwa ameshaishika. Hakuna kilichoanguka. Happy akakandamiza tumbo la mpira na kulisugua hadi mbavu zangu zikauma. Nimefunga koki. Safari hii walistahili.

Mama Sabina akamnyooshea kidole. "Ukivuka mlango huo mimi ni mama yako. Usizoee."

Halafu akanigeukia: "Na wewe, kavue hilo tumbo. Mkeo anakutosha."

Tumecheka. Lakini ile ni mpira na rangi.

Alhamisi, 14 Machi

Uchungu ulianza asubuhi. Nilikaa kwenye benchi na mama mkwe, nafasi ya mtu mmoja katikati yetu, kwa heshima.

Mtoto alilia. Mama mkwe akapiga kigelegele. Hakijaisha, nikasikia sauti ya Happy.

"Sabina! Damu! Sindano ya kubana kizazi!"

"Sindano, nachoma!"

"Dripu!"

"Dripu inakwenda!"

Mama mkwe akanishika mkono, yeye ambaye hajawahi kunigusa. "Baba, huyo binti anamkemea nani?"

Nilitazama mlango wa wodi. Humo ndani hakuna koki.

Amri. Jibu. Amri. Jibu. Niliogopa zaidi zilipokoma.

Mama Sabina akatoka, jasho linamtiririka. Alinitazama kwanza mimi, ndipo mama mkwe.

"Imekata. Yenyewe, bila koki."

Nililia mbele ya mama mkwe. Basi.

Jumamosi, 16 Machi

Tuko nyumbani. Mvua imepumzika. Mama mkwe yuko jikoni na supu. Mtoto ni wa kike, jina bado.

Yasinta amelala mchana kutwa, midomo imempauka kidogo. Nimekaa karibu na kitanda. Kila akijigeuza nanyanyua ncha ya shuka, natazama, nairudisha.

Mara moja amenikamata. "Unatafuta nini?"

Nimemwambia hakuna kitu. Ni kweli. Hakuna.