Uzi wa Mama Anaeli

Jumatatu, 3 Juni

Fremu nne kabla ya saa sita. Vyeti vitatu, harusi moja. Kibanzi kimeniingia gumbani tena. Baridi ya kukata mifupa. Mlima Meru haujaonekana tangu Ijumaa.

Mchana alikuja Mama Anaeli kutoka Elerai, kafunga kitu kwenye kanga. Picha kwenye ubao wa hadibodi, nyeusi kwa moshi. Ni sebule yake. Aliichora marehemu mumewe, Mzee Eliakunda, fundi wa kupaka rangi nyumba, kwa mabaki ya rangi za kazini. Sasa nyumba inabomolewa, na mwanawe Anaeli anamhamishia kwake Njiro Jumapili. Anataka picha isafishwe na kutiwa fremu.

"Ndiyo nyumba itakayonibakia, mwanangu."

Nikaitikia. Moyoni nilisema, makochi na kabati, nani atatundika?

Jumanne, 4 Juni

Nimeona haya kwa nililowaza jana.

Nilisafisha kwa pamba na mate. Ndivyo tunavyofanya, wateja hawaambiwi. Moshi ulipotoka, nilikaa chini. Ukuta nusu buluu, nusu krimu. Kabati lenye glasi zilizofunikwa, zile za wageni ambao hawaji. Chupa ya chai yenye maua mekundu. Redio imevishwa kitambaa kama bibi harusi. Kalenda ya duka la vifaa imetundikwa juu kabisa, karibu na dari. Mama yangu, Mwislamu wa Kondoa, alikuwa na sebule hii hii. Alipanga glasi hivi hivi. Tuliona ni vitu vya kawaida, hakuna aliyefikiri vinastahili kuangaliwa. Mzee huyu aliviangalia kimoja kimoja. Nililia kidogo, nikafunga mlango.

Kasoro mbili tu. Makochi sita, vitambaa vya kufuma vitano. Na mkwaruzo mweupe sakafuni, kutoka kwenye kikapu kilicho kando ya kochi hadi ukingo wa kushoto. Mzee hakumaliza, nikawaza. Hakuna mama wa mji huu atakayeacha kochi moja wazi siku ya kuchorwa. Nikachora kitambaa cha sita. Mkwaruzo nikauziba kwa rangi ya kahawia. Nikajisifu.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya.

Mama Anaeli alikuja kuchagua mbao za fremu. Aliitazama picha akitabasamu, halafu akapeleka kidole ukingo wa kushoto. Tabasamu likaisha.

"Uzi wangu uko wapi?"

Akanieleza. Mzee alichora jioni ya Jumamosi. Yeye alikuwa ameketi pale kushoto, nje ya picha, akifuma kitambaa cha sita. Akakataa kuchorwa akiwa amevaa kanga ya kupikia. Mzee hakubishana. Akachora uzi ukitoka kikapuni, ukienda kwake, hadi hadibodi ikaisha.

Kwa hiyo haukuwa mkwaruzo. Alikuwa mkewe. Mimi, fundi wa miaka kumi na tisa, nimemfuta mtu nyumbani kwake. Nilimwambia ukweli, kwamba ni mimi.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Basi nirudishe, mwanangu."

Ijumaa, 7 Juni

Sikufungua duka. Pamba kwenye njiti, tapentaini tone moja moja. Bahati ni baridi hii, rangi yangu haijakauka. Hofu ni rangi ya mzee kuondoka nayo.

Kitambaa changu kilitoka chote. Kilikuwa kibaya, sasa naona. Halafu uzi. Nilishika lenzi. Uzi umelegea katikati, kama mfumaji amepumzika kidogo kuongea na mtu. Chini yake kuna kivuli chembamba kama unywele. Fundi wa kuta, kwa rangi ya milango, alichora kivuli cha uzi! Nimeogopa, ile hofu ya kuwa mbele ya kitu kikubwa.

Punje moja ya rangi ya mzee imebanduka, pale uzi unapogusa ukingo. Sitaijaza. Nimekoma.

Jumamosi, 8 Juni

Fremu ya mbao ya mkangazi. Kwa kawaida fremu humeza ukingo wa picha kidogo. Upande wa kushoto nimeichonga isimeze kitu.

Jumapili, 9 Juni

Njiro. Makochi ya ngozi, hakuna kitambaa hata kimoja. Anaeli alitoboa ukuta mwenyewe, tukatundika.

Nilimwonyesha Mama Anaeli pale punje ilipobanduka. Akapakaribia, akacheka.

"Hapo niliukata kwa meno."

Kisha akavuta kiti cha mezani, akakiweka chini ya picha, upande wa kushoto, pale uzi unapoishia. Akakaa. Anaeli akamwambia makochi yapo, mama, kaa vizuri. Akasema amekaa vizuri.

Nikaletewa chai. Nilikunywa polepole, nikimtazama.