Pale Alipoishia Sadallah

Jumanne, 1 Julai 2025

Baridi ya Madale imeingia mpaka kwenye magodoro. Nimevaa sweta la marehemu Sadallah juu ya nguo zangu za eda. Wifi Nusaiba kaniangalia, akaendelea na kufagia kwake. Afadhali.

Mchana mzima sina la kufanya. Hutoki, hujipambi, unakaa na nafsi yako. Kupika anapika wifi. Nimefuma vitambaa vya makochi mpaka makochi yamekwisha! Ndipo nikajiambia, soma basi. Kabati zima la vitabu limo humu ndani. Nikaenda nikasimama mbele yake kama mgeni dukani. Sijui nianze na kipi. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza tusome nini, maana zamu ilikuwa inajijua.

Niiandike, nisije nikaisahau. Cha damu, cha mapenzi, cha akili. Ndivyo tulivyoviita. Cha damu ni upelelezi na mauaji. Cha mapenzi kinajieleza. Cha akili ni chenye historia, au safari za watu, au habari za nyota – kile ambacho Sadallah akisoma kurasa mbili, mie nimeshasinzia. Kikiisha kimoja kinafuata kingine, hakuna kuruka, na kilichoanzwa lazima kiishe. Tulianza hivyo kwenye chumba kimoja cha kupanga Kinondoni, mwanetu Suhaib hajazaliwa. Sadallah alikuwa dereva wa ofisi. Kutwa anamngoja bosi garini. Vitabu alivinunua kwa wale wanaovipanga chini, pembeni mwa barabara. Jioni anasoma kwa sauti, mie nafuma au nachagua mchele.

Ndiyo maana sijui kusoma hadithi kwa macho. Kuandika naandika, gazeti nasoma. Lakini hadithi nimezizoea kwa masikio.

Zamu hii ni ya damu. Kitabu kipo juu ya friji, njiti ya kiberiti katikati. Sikigusi.

Alhamisi, 3 Julai

Wifi kaniletea kijitabu cha mambo ya eda. Nimekisoma. Kizuri. Nimekisoma tena. Nikamuuliza kama kuna kosa mjane kusoma riwaya. Akasema kosa hajui, lakini watu wakipita wakakukuta na kitabu cha mauaji, watasemaje? Na mume hata miezi miwili hajafikisha kaburini!

Wifi Nusaiba ni dada mkubwa wa Sadallah. Katoka kwake Temeke kuja kunikalia. Namshukuru sana, tena nasema kwa moyo. Ila ni mtu wa kunyoosha kila kitu. Hata mifagio kaipanga kwa urefu.

Kitabu cha juu ya friji si chetu. Tuliazima kwa Mwalimu Demetria, jirani wa nyumba ya bati jekundu. Humo ndani, mlinzi wa bohari kule Kurasini kakutwa amekufa juu ya magunia ya korosho. Inspekta anahangaika. Mwenye bohari ni Mzee Pazi, mtu wa kusemea puani. Sadallah alikuwa anamtoa huyo Mzee Pazi mpaka mbavu zinaniuma! Anabana pua kidogo, anavuta maneno, na nyusi zinapanda.

Alipoishia napajua. Inspekta kagonga mlango wa nyuma wa bohari. Ndani sauti ya puani ikajibu, "Pita, Inspekta. Chai imeshapoa." Hapo kikohozi kikamshika. Akaweka njiti, akasema tuishie hapa leo, kifua kinanibana. Asubuhi yake tukampeleka hospitali, na hakurudi.

Sasa nikisoma mbele, nasoma bila yeye. Nisiposoma, zamu imekwama na siwezi kuanza kingine. Hiyo ndiyo shida yangu, na nikimwambia mtu atanicheka.

Jumamosi, 5 Julai

Nimejaribu kuruka zamu. Nikachukua cha akili, kile cha nyota. Ukurasa mmoja. Nikachukua kimoja cha mapenzi tulichosoma zamani, msichana wa Tanga na yule fundi redio. Maneno yamelala tu kwenye karatasi. Kila nikianza sentensi nangoja mtu aisome.

Kwenye simu nina sauti yake mara tatu. Moja anauliza kama gesi imekwisha. Moja anasema foleni, atachelewa. Moja ni bahati mbaya, kabonyeza mwenyewe, anasikika anapumua na kufunga mlango wa gari. Nazisikiliza. Lakini hiyo ni sauti yake ya kusemea, siyo ya kusomea. Ya kusomea hakuna aliyeirekodi. Nani angefikiria? Naogopa naanza kuisahau. Mzee Pazi leo nimejaribu kumsikia kichwani, sikumpata.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Mara ya kwanza siendi kwenye maonyesho.

Ilikuwa kila mwaka lazima. Watu wanakwenda kuangalia majiko na trekta, sisi tunakwenda kwenye vitabu. Vitatu, kimoja kwa kila aina, halafu barafu ya koni, halafu nyumbani na miguu imejaa vumbi. Mwaka mmoja tuligombana mbele ya muuzaji. Kitabu kimoja, mke anampenda mume, na anamuua. Sadallah anasema hicho cha damu. Mie nasema cha mapenzi, si anampenda! Watu wamesimama wanatusikiliza. Muuzaji akachoka, akasema mama, mzee, kipelekeni nyumbani mkakikate katikati. Sadallah alicheka mpaka akaketi juu ya boksi la watu. Ya Rabi, nilikuwa na raha na sijui kama nilijua.

Saa sita Suhaib kapiga simu. Yupo uwanjani, makelele matupu.

"Shikamoo mama. Nipo hapa kwenye vitabu. Nikuchukulie kipi?"

Nikaangalia juu ya friji.

"Mama? Kuna riwaya, kuna mashairi, kuna vya mapishi. Sema basi, huku watu wananisukuma."

Nikamwambia chochote, baba. Jioni kaja na viwili. Cha mapishi ya keki – na mie nyumbani sina oveni! Na kingine cha jinsi ya kuwa tajiri kabla hujafika arobaini. Nina miaka sitini na tatu. Nimemshukuru. Alipotoka nimelia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena.

Jumanne, 8 Julai

Kitabu hakipo juu ya friji!

Nimeangalia chini ya friji, nyuma ya friji, ndani ya friji. Wifi anachambua mchicha, katulia kabisa. Ananiambia, "Kile cha mwalimu? Nimekirudisha asubuhi. Kitu cha watu kinakaa na vumbi miezi miwili, si aibu hiyo?"

Nikauliza njiti je.

"Njiti gani? Nilikikung'uta, kikatoka kiberiti sijui. Nimetupa."

Nimempigia kelele. Mie, Mwajabu, nimempigia kelele mkubwa wangu, ndani ya eda, dirisha wazi! Nimemwambia ile njiti aliiweka Sadallah kwa mkono wake. Nimemwambia umepoteza mahali alipoishia. Wifi akabaki na mchicha mkononi.

Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Jumatano, 9 Julai

Hatusemezani. Salamu tu. Kanipikia tambi za nazi, ninazozipenda, kaziweka mlangoni. Nimekula zote.

Ijumaa, 11 Julai

Mwalimu Demetria kaja na kitabu ndani ya mfuko wa nailoni. Kumbe wifi mwenyewe alikwenda kukiomba tena! Kapanda kile kilima cha watu na magoti yake yale.

Mwalimu akasema, "Pole, Mama Suhaib. Kitabu hiki hakina haraka. Na hivi viwili nimekuongezea, labda vitakuchangamsha." Kimoja cha majini, kingine cha maisha ya mkulima wa kahawa kwao Bukoba. Akauliza nitaanza na kipi. Nikamwambia kwetu huwa hatuanzi, huwa tunamaliza kwanza. Akatikisa kichwa, sijui kama kanielewa.

Baada ya chakula nikakaa peke yangu na kile cha damu. Nikakifungua mwanzo, mbali kabisa na alipoishia. Nikasoma kwa sauti, mlango nimefunga. Jamani! Mzee Pazi wangu ni kama mtoto mwenye mafua. Nikafunga kitabu. Hasira zikanipanda, za bure tu, hata sijui namkasirikia nani. Wewe Sadallah, labda. Ungemaliza sura ile basi.

Jumapili, 13 Julai

Niandike polepole, nisiache kitu.

Baada ya alasiri wifi kaja sebuleni, kavaa miwani yake ya kamba. Kachukua kitabu bila kuniuliza. Akasema, "Mie ndiye nimepoteza mahali, mie nitapatafuta. Nitasoma kuanzia nusu, wewe sikiliza. Tukifika mlipoishia, uniambie."

Nikamwambia si lazima, wifi.

"Kaa chini."

Nikakaa. Nikachukua sindano yangu ya kufumia ili mikono iwe na kazi. Kaanza kama anasoma tangazo la msiba. Nikasema moyoni haya, tutavumilia. Inspekta akaenda sokoni, akarudi. Mke mdogo wa yule mlinzi akalia. Halafu Mzee Pazi akafungua mdomo.

Na alikuwa yeye!

Pua imebanwa kidogo. Maneno yanavutwa. Nyusi juu. Nyusi zile zile! Sindano ikanitoka. Nikamwambia wifi acha, acha kwanza, hiyo sauti umeitoa wapi? Sadallah alikusomea?

Akavua miwani. Akaona haya kama msichana.

"Anisomee mie? Mie ndo niliyemfundisha! Baba alikuwa hajui kusoma. Siku ya gazeti la hadithi, tunakaa barazani pale Temeke, mie nasoma, majirani wote wanakuja. Mhusika wa puani nilikuwaga namtoa hivyohivyo, baba anacheka mpaka kofia inamwanguka. Sadallah mdogo, kakaa miguuni pangu, ananiigiza. Nilipoolewa, mume wangu hakupenda makelele ya vitabu. Nikaacha. Sadallah akashika zamu yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Ningekwambia nini, wifi? Yeye alikuwa anasoma vizuri kuliko mie."

Si kweli. Nimekaa na mume wangu miaka yote ile, jioni kwa jioni, kumbe nilikuwa namsikiliza na huyu mwanamke bila kumjua! Na mie nilidhani hana alijualo zaidi ya kupanga mifagio. Halafu wifi akavaa miwani, akauliza, kwa sauti ya chini, kama jirani anaweza kusikia, kwamba hiki kikiisha zamu inaangukia kipi.

Nikamwambia cha mapenzi.

"Astaghfirullah. Na eda?" Kisha akafunua ukurasa. "Hayo mapenzi yenyewe... ya heshima lakini?"

Nikamwambia mengine ndiyo.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika haraka. Wifi yupo anaswali magharibi, na mie nimemaliza kuswali. Kasema nisiguse kitabu mpaka arudi. Sheria za nyumba hii kazishika kwa siku moja!

Leo tumeanza mapema. Mchicha haujachambuliwa, tutakula mkate. Kasoma vizuri kuliko jana, kooni pamefunguka. Inspekta mzito, karani mwoga, mke mdogo na vilio vyake. Kuna maneno anayamalizia kama Sadallah alivyokuwa akiyamalizia, na kuna mahali ni Nusaiba mtupu, mkali, anamgombeza hata maiti. Nimecheka. Ndani ya sweta la mume wangu, nimecheka kwa sauti, na sikuona vibaya.

Kidogokidogo nikaanza kuyatambua maneno. Mvua ya kwenye bohari. Paka juu ya magunia. Nilijua tumekaribia. Nilitaka kumwambia wifi tupumzike, nichemshe chai, nifanye lolote. Nikaendelea kufuma. Inspekta akaufikia mlango wa nyuma. Akagonga. Wifi akabana pua.

"Pita, Inspekta. Chai imeshapoa."

Akavuta pumzi. Kidole kakiweka kwenye mstari, akanitazama juu ya miwani. "Ni hapa? Si mliishia hapa?"

Chini ya kidole chake, pembeni ya mstari, palikuwa na alama ndogo ya kukwaruza, pale njiti ilipokuwa imebanwa.

"Bado," nikasema. "Endelea tu, wifi."