Tangawizi Iliyoanikwa Kiwandani

Same, Alhamisi mchana

Shikamoo Mama,

Simu yako haipatikani tangu jana, kwa hiyo kadi hii nampa dereva wa basi. Leo yametoka majibu ya udongo wa kiwanda cha zamani cha dawa za wadudu, panapotakiwa kujengwa soko. Sumu imeingia hadi kwenye sakafu. Mimi na wenzangu wa halmashauri tulipokwenda kuweka uzio tukamkuta mama mmoja wa kijiji cha Mamba, kule milimani, ameanika tangawizi pale pale. "Saruji hii ni jiko, mwanangu!" akacheka. "Kwetu juu ni ukungu tu."

Nimetazama shajara yangu: ile tangawizi niliyokutumia Jumatatu nilinunua kwake. Mama, usiitie kwenye chai. Kama umeshawagawia majirani, wafuate leo hii. Mungu akulinde mpaka nisikie sauti yako.

Mwanao, Elineema